Kidole cha Kumi Kiko Darajani

Kijitabu kililetwa na jirani. Alikiweka juu ya cherehani ya dada yangu akaondoka haraka, kama mtu aliyeleta habari ya msiba na hataki kuulizwa. Nikajua humo ndani mna jambo.

"Nisomee," dada akaniambia. "Macho yangu yamestaafu kabla yangu."

Kilikuwa kijitabu cha historia ya daraja letu la mawe. Kamati ya mtaa ilikuwa imejenga ukuta wa kumbukumbu pale daraja linapoanzia, na majina ya wote waliolijenga yangechongwa juu yake. Kijitabu kilikuwa na orodha ya majina yenyewe. Nikasoma wapasua mawe, nikasoma wachukuzi, nikafika kwa waashi. Kila mwashi alikuwa na jina lake, mpaka wa mwisho. Pale palipostahili jina paliandikwa neno moja tu: hayupo. Na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: "Mwashi huyu anasadikiwa kuwa ndiye aliyetoroka siku ya mafuriko, akawaacha wenzake jukwaani."

Hawakumtaja. Hawakuwa na haja. Mtaani kwetu kila mtu anajua kwamba mwashi aliyetoroka ni baba yetu. Dada aliolewa akiwa mtoto wa mtoro, akafiwa na mume akiwa mtoto wa mtoro, akawashonea watoto wa mtaa sare za shule, kizazi baada ya kizazi, na walipokuja kuzichukua walikuwa wakiulizana barazani, hapa ni kwa yule binti wa mtoro au nyumba ya pili? Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa naondoka. Nimekuwa utingo wa malori, mpishi wa kambi, mlinzi wa mashine za watu, na huko kote hakuna aliyeniuliza baba yako nani. Dada alibaki, akaubeba mzigo wote peke yake.

Alikuwa anapapasa kitambaa kilichofunika cherehani, kama anatafuta pindo.

"Wanachonga lini?" akauliza.

"Wameandika hapa, kabla ya mvua."

"Basi una kazi, Kiguu na Njia. Maisha yako yote umetembea bila sababu. Safari hii nakupa sababu. Nataka jina la baba pale ukutani, na nataka nilishike kwa mkono wangu kabla sijafa."

Nilianzia kwa Mwenyekiti wa kamati. Tumekua pamoja, tumeibiana viatu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, saruji mlangoni, mabomba darini, na yeye katikati na kikokotoo chake. Baba yake ndiye aliyekuwa nyapara wa kazi ile ya daraja, na jina lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye kijitabu, kwa herufi nene.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "baba yangu hayumo."

"Yumo," akajibu bila kuinua macho. "Ameandikwa kama alivyo. Hayupo."

Wateja wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashikilia ngazi iliyokuwa inauzwa.

"Usinitazame hivyo, Kiguu," Mwenyekiti akasema. "Sisi hatukutunga. Kanuni ya kamati ni moja: jina linachongwa kama lilivyo kwenye kitabu cha mahudhurio cha wakati ule. Kitabu kinasema hayupo. Unataka tuchonge maneno ya dada yako?"

"Hicho kitabu umekiona?"

"Ninayo nakala. Imetafsiriwa, imepigwa chapa safi, hata wewe na shule yako ya vipande vipande ungeisoma."

"Nimekuuliza kitabu."

Hapo akainua macho. "Kiko jumba la nyaraka, makao makuu ya mkoa. Nenda kaangalie. Si ndiyo kazi yako, kwenda?"

Nikaenda.

Jumba la nyaraka ni jengo la ghorofa lenye madirisha madogo, kana kwamba karatasi nazo zinaweza kutoroka. Mlangoni walichukua mkoba wangu, wakachukua na kalamu yangu.

"Wino hauingii, mzee. Penseli tu."

"Nimewahi kulinda ghala la baruti," nikawaambia, "na sikupekuliwa hivi."

Ndani nilimkuta mtunza nyaraka, mwanamke wa umri wa binti zangu, miwani yake imefungwa kamba ya kiatu ikaning'inia kifuani. Akaniamkia, nikaitikia, nikakaa, nikasema nilichojia. Nataka kitabu cha baba yangu.

"Baba yako aliandika kitabu?"

"Hakujua kuandika."

"Basi tuanze upya," akasema. Hakucheka, na kwa hilo nikampenda. "Hapa karatasi hazikupangwa kwa baba za watu, mzee wangu. Zimepangwa kwa ofisi zilizoziandika. Kwa hiyo usianze kuniambia baba yako ni nani. Niambie, nani alikuwa na sababu ya kumwandika?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa popote. Nikalitafuna. Nikasema, waliomfanyisha kazi walikuwa na sababu. Waliomfukuza pia, kama walimfukuza. Na kama aliumwa, waliomtibu.

"Vizuri. Mwaka gani?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Mafuriko yapi? Mto ule umefurika mara nyingi kuliko wenyewe mnavyokumbuka."

Sikujua. Nikampa jina la baba, lile aliloitwa nyumbani, na la mtaani pia. Mtaani aliitwa Tisa, kwa sababu vidole vyake vya mikono vilikuwa tisa. Akapekua vitabu vya faharasa, vile vinavyokuonyesha jina gani liko faili gani. Akapekua tena. La nyumbani hamna, la mtaani hamna.

"Hilo lisikutishe," akasema. "Jina la kwenye karatasi ni lile alilolisikia karani, si lazima liwe analoitwa mtu na mama yake. Kwenu aliye mkubwa kuliko wote ni nani?"

"Dada yangu. Ndiye aliyenituma."

"Umemuuliza?"

"Nimekwambia ndiye aliyenituma."

"Kutumwa si kuuliza. Rudi, mkae, muulize tangu mwanzo. Andika kila anachosema, hata ukiona ni upuuzi. Upuuzi hasa. Ukija tena uje na mwaka."

Nilirudi nikinuna njia nzima. Mtu wa umri wangu, nimelala kituo cha mabasi, halafu naambiwa nikamuulize mtu niliyemwacha nyumbani. Lakini nilipofika nilichukua karatasi za dada za kukatia nguo, nikachonga penseli kwa wembe wake wa kufumulia nyuzi, nikaanza.

Mwaka tuliupata upesi kuliko nilivyodhani. Siku ya mafuriko dada alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Anakumbuka kwa sababu alilia na mama akamwambia anauongezea mto maji. Tukachukua cheti chake cha kuzaliwa, tukahesabu.

"Na kidole?" nikauliza. "Kilikatikia wapi?"

"Kazini. Jiwe lilimbana. Alirudi mkono umefungwa bendeji nyeupe ya zahanati, akamwambia mama, hesabu upya, umepunjwa."

Nikaandika. "Ehe, na nini kingine?"

"Kingine nini? Alikuwa baba. Alikuwa anarudi, anakula, analala." Kisha akaanza kutabasamu mwenyewe. "Akirudi alikuwa anagonga mlango. Mama anauliza, nani? Baba anajibu, hayupo. Mama anasema, kama hayupo basi sifungui. Baba anasema, hayupo ana njaa. Kila siku ya Mungu. Sisi tumejificha nyuma ya mlango, mbavu hatuna."

"Kwa nini alikuwa anasema hivyo?"

"Nijuaje? Baba alikuwa na maneno yake."

"Hilo nalo niandike?"

"Si umeambiwa upuuzi hasa?"

Nikaandika, ingawa mkono ulikuwa mzito. Neno lenyewe ndilo lile walilotupiga nalo.

"Na siku ile alisema nini?" nikauliza mwisho. "Siku alipoondoka kazini?"

"Hakuwahi kusema alikimbia. Alikuwa anasema, nilikataa. Basi. Nilikataa. Na sisi tulidhani ni maneno ya mtu anayejifariji."

Safari ya pili mtunza nyaraka aliniletea kitabu chenyewe. Kikubwa, jalada la turubai, kingo zimeliwa na mende. Akakilaza juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga. Nikalamba kidole ili nifungue ukurasa, akanitazama, nikakifuta kidole kwenye suruali.

Kiliandikwa chote kwa lugha ya wakubwa wa enzi ile. Lugha yao niliiokota makambini, neno hapa tusi pale, lakini majina yalikuwa yetu na hayakuhitaji tafsiri. Nikatafuta waashi. Nikashuka na kidole hewani, bila kugusa, kama nilivyofundishwa. Mstari wa mwisho: Hayupo. Nikafungua wiki iliyofuata. Hayupo. Nyingine tena. Hayupo. Ukurasa kwa ukurasa, mwandiko ule ule wa kunyooka, mahali pale pale.

Nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Unakwenda wapi?" mtunza nyaraka akauliza.

"Nyumbani. Mwenyekiti alisema kweli. Baba hakutoroka siku ile tu, inaonekana alikuwa hafiki kazini kabisa."

"Kaa, mzee." Akavaa miwani yake, akasogeza kiti. "Kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha gani?"

"Yao."

"Chote?"

"Chote."

"Mtu asipofika kazini karani anaweka alama gani? Tazama hao wengine."

Nikatazama. Aliyefika amewekewa mstari mdogo. Asiyefika, kiduara.

"Sasa mtazame huyu wako wa mwisho."

Mistari. Mistari mitupu, wiki baada ya wiki, kiduara utakitafuta kwa tochi.

"Nieleze basi," akasema taratibu. "Karani ambaye hakuijua lugha yetu, ambaye ameandika kitabu kizima kwa lugha yake, ambaye asiyefika anamwekea duara. Kwa nini kila wiki, mahali pa jina, aandike neno moja la kwetu?"

Nikalikodolea macho neno lile. Halafu nikasikia mlango unagongwa. Nani? Hayupo. Hayupo ana njaa.

Nikaanza kucheka. Nilijitahidi kujizuia, maana ukutani pameandikwa kimya, lakini kicheko kilinitoka puani. Bwana mmoja aliyekuwa anasoma ramani za mashamba akageuka kututazama.

"Ni jina," nikasema. "Ni jina lake."

Jinsi ilivyokuwa siwezi kuapa, kwa kuwa hakuna aliyeiandika siku yenyewe. Lakini mimi nimefanya kazi za vibarua huku na huko na nawajua makarani. Siku ya kwanza karani anapita na kitabu chake. Anafika penye nyundo na pima maji zimewekwa chini, mwenyewe kaenda mtoni kufuata mchanga. Anauliza, huyu hapa? Wenzake wanamjibu, hayupo. Naye anaandika: Hayupo. Kesho yake asubuhi anaita kwa sauti, Hayupo, na kila mtu anavunjika mbavu, na baba yangu anaona asipoitikia hana kazi. Anaitikia. Mimi mwenyewe msimu mmoja mzima nimeitwa Sasahivi, kwa kuwa niliulizwa jina wakati namjibu mtu mwingine.

Nikaelewa na kosa la kamati. Aliyewatafsiria kitabu aligeuza kila kitu kuwa Kiswahili. Kila kitu kikishakuwa Kiswahili, Hayupo nalo linakuwa neno tu kama mengine, na mtu anakuwa pengo. Kwenye nakala yao safi ya chapa baba yangu aliyeyuka. Kwenye kitabu kichafu chenye mende alikuwepo kila asubuhi.

Mtunza nyaraka hakushangilia pamoja nami. "Hiyo ni dhana nzuri," akasema. "Dhana haichongwi ukutani. Kuna waashi wengine, na huenda baba yako alikuwa mmoja wao. Utamuunganishaje Hayupo wa kitabuni na Tisa wa mtaani kwenu? Nani mwingine alikuwa na sababu ya kumwandika?"

Nikatoa karatasi ya kukatia nguo. Nikasoma niliyoandika. Bendeji nyeupe.

"Zahanati," nikasema.

Kitabu cha zahanati ya kambi kilikuwa chembamba na kinanuka dawa mpaka leo, au pua yangu ilitaka kinuke. Akatafuta, akasimamisha penseli yake hewani, akanitafsiria: Hayupo, mwashi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepondwa na jiwe. Kimekatwa.

Sikucheka tena.

Alasiri akaniletea faili la mhandisi. Ndani yake mlikuwa na taarifa ya ajali ya mafuriko, iliyopelekwa kwa wakubwa wake. Akanisomea polepole, nami nikaandika kila neno, penseli ikaisha ncha nikachonga tena. "Asubuhi mwashi Hayupo alikataa kuteremka kwenye nguzo ya katikati, akisema mto umebadilika rangi na maji yanakuja. Aliwashauri wenzake nao wasiteremke. Nyapara alieleza kwamba mtu huyu ni mkaidi na anawaharibu wengine. Kwa neno la nyapara alifukuzwa, akasindikizwa nje ya kambi. Mchana maji yalichukua jukwaa pamoja na waliokuwa juu yake."

Yule bwana wa ramani naye alikuwa ameacha kugeuza ramani zake.

Mkaidi. Nimeitwa hivyo kambi zaidi ya moja na nikadhani ni tabia yangu mwenyewe.

"Nigongee mihuri," nikamwambia mtunza nyaraka. "Kila nakala. Gonga mpaka wino uishe."

Kamati ilikutana ghala la Mwenyekiti, nyuma ya duka, wajumbe wamekalia mifuko ya saruji na Mwenyekiti peke yake kwenye kiti. Dada alikuja amevaa viatu vyake vya harusi za watu, amenishika mkono. Hakukubali kukalia saruji. Alisimama.

Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu, alisoma nakala zote kwa sauti. Alipofika kwenye nyapara sauti ilipungua, lakini alisoma. Mwenyekiti alikuwa anabonyeza kikokotoo kisicho na hesabu.

"Haya yote mazuri," akasema mwishowe. "Lakini karatasi zinasema Hayupo. Hazisemi baba yenu. Anaweza kuwa mtu yeyote."

"Mdogo wangu," dada akamwambia, "ulipokuwa mtoto ulikuwa unamwita baba yangu nani?"

"Dada, hayo mambo ya utoto..."

"Nimekuuliza. Sare yako ya kwanza nimekushonea mimi, na uliijaribia umesimama juu ya meza yangu unalia. Usinione sikumbuki. Ulikuwa unamwita nani?"

"Tisa," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ya kumeza.

"Kwa nini?"

Mjumbe mmoja akakohoa.

"Mlikuwa mkipita mlangoni kwetu mnahesabu kwa sauti," dada akaendelea. "Moja mpaka tisa, halafu mnakimbia. Na huyu mdogo wangu anatoka na jiwe anawafukuza. Sasa niambie, hicho kidole cha kumi mlidhani kiko wapi? Kiko darajani. Unapita juu yake kila siku na lori lako."

Katibu akavua kofia yake, akaikagua ndani, akaivaa tena. Nilimwona Mwenyekiti anatafuta mlango wa kutokea, na kwa kuwa ghala ni lake alikuwa anaujua.

"Na baba yangu?" akauliza. Hapo hakuwa Mwenyekiti tena. "Mnataka kumfanya nini baba yangu?"

"Abaki pale juu kwa herufi nene," dada akasema. "Sikuja kumtoa mtu, nimekuja kumwingiza mtu. Ila taarifa ya mhandisi itachapwa kwenye kijitabu, yote, na mstari wa nyapara humo humo. Asiyependa asisome."

Wakanong'ona. Mwenyekiti akapendekeza iandikwe "na wengineo" mwisho wa orodha. Dada akamwambia hakuzaliwa na wengineo. Mwenyekiti akapendekeza basi tuweke jina la nyumbani la marehemu, ili tusilete kichekesho ukutani.

"Kanuni yenu inasemaje?" dada akauliza.

Katibu ndiye aliyejibu. "Jina lichongwe kama lilivyo kwenye kitabu."

"Basi. Jina la nyumbani tunalo nyumbani. Mkilichonga hilo, kesho kutwa atakuja mwerevu mwingine na nakala yake aseme halimo kitabuni, alifute. Chongeni lililomo."

"Watu watacheka," Mwenyekiti akasema.

"Wamecheka miaka yote bila ruhusa yangu. Sasa nawapa ruhusa."

Kura zikapigwa. Mwenyekiti hakuinua mkono, lakini wengine waliinua, na mwenye kuhesabu alikuwa katibu.

Siku ya kufunua ukuta palikuwa na turubai, viti vya kukodi, na mgeni rasmi mwenye tai. Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi. Nikamshika dada mkono, tukasogea, nikamsomea. Wapasua mawe wapo. Wachukuzi wapo. Waashi, mmoja baada ya mwingine, nikafika chini, nikanyamaza.

"Endelea," dada akasema.

"Dada, hapa pako wazi."

Jiwe lilikuwa laini kama sahani. Nafasi imeachwa, kubwa tu, na hamna kitu. Mchonga mawe alikuwa amesimama pembeni na mfuko wake wa vifaa, anasubiri kusifiwa. Nikamwita.

"Jina la mwisho liko wapi?"

"Lile?" akasema. "Orodha mliyoniletea imeandikwa hayupo. Nikajua hayupo. Nikamwachia nafasi, pengine atapatikana."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na nikiri, hata mimi mdomo ulinicheza. Dada peke yake hakucheka. Mwenyekiti akaja mbio, anatabasamu kwa ajili ya mgeni rasmi.

"Dada, ni hitilafu ndogo. Wiki ijayo tutarekebisha. Sasa hivi tuna ratiba."

"Niletee kiti," dada akaniambia.

Nikachukua kimoja mstari wa mbele, wa waheshimiwa. Nikakiweka pale alipoonyesha, bega lake likigusa ukuta, uso wake ukitazama watu. Akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Nasubiri hapa hapa," akasema. "Wiki ijayo si mbali, nimezoea kukaa." Kisha akamgeukia mchonga mawe. "Mwanangu, vifaa unavyo?"

"Ninavyo, mama."

"Na vidole vyako vyote?"

"Vyote."

"Basi baba yangu alifanya kazi na pungufu. Anza."

Mchonga mawe akamtazama Mwenyekiti. Akamtazama dada. Akafungua mfuko.

Mwenyekiti akaona bora aanze hotuba, ili mambo yaendelee. Akapanda, akashika kipaza sauti, akasema, "Mgeni rasmi," nyundo ikasema kang. Akasubiri. Akasema, "Wazee wetu waliojitolea," kang, kang. Akajaribu kuwahi katikati ya mapigo, kama mtu anayevuka barabara yenye magari, lakini mchonga mawe hakuwa na mapigo ya kulingana. Mgeni rasmi alijiziba uso kwa karatasi ya ratiba, mabega yakawa yanamtikisika. Watu wa nyuma wakaanza kusimama ili waone, na herufi ikikamilika wanaitaja kwa sauti. H. Halafu A. Ilipofika Y, Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye habari za ushirikiano na hakuna aliyekuwa naye. Mwishowe akakunja hotuba yake, akashuka, akasimama pembeni na mikono nyuma, kama sisi wote, akasoma herufi zinavyotoka. Ya mwisho ilikuwa O, na ndiyo iliyochukua muda.

Mchonga mawe akapuliza vumbi, akasogea. Dada akainuka. Akaweka kiganja pale, akapitisha vidole herufi moja moja, akarudia, mpaka mkono ukawa mweupe wote.

Kisha akakunja ngumi, akagonga jiwe, kama mtu anavyogonga mlango wa nyumbani kwao.

"Nani?" akauliza.

Ilibidi nijibu mimi.

"Hayupo," nikasema. "Ana njaa."

"Basi twende tukale," akasema, akanishika mkono, tukapita katikati ya viti vya kukodi, mgeni rasmi hajainuka bado.